Jua Safari Inaishia Wapi Ndipo Ununue Gari

Wengi wanaotaka kununua 4x4 lililotumika Birmingham na kuliendesha hadi Afrika Mashariki huanza kwa kubishana kuhusu Land Rover na Land Cruiser. Swali la kwanza ni jingine: je, gari hilo litarudi Uingereza, au litabaki nyumbani?

Shard End ni mtaa wa mashariki mwa Birmingham, kando ya Mto Cole. Sehemu kubwa ya nyumba zake ilijengwa na halmashauri ya jiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Anayeishi hapa na kuwaza safari ndefu ya gari anaishi katikati ya historia ya viwanda vya magari. Jirani tu, Castle Bromwich, kipo kiwanda kilichotoa zaidi ya ndege 11,000 za kivita za Spitfire wakati wa vita hiyo, kisha kikawa cha Jaguar. Upande wa kusini, mwendo mfupi wa gari, ni Lode Lane, Solihull. Land Rover iliyotoka hapo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na Defender ya mwisho ya mtindo ule wa zamani ilitoka kiwandani tarehe 29 Januari 2016. Kufikia siku hiyo, magari ya ukoo huo yalikuwa yameshapita milioni mbili.

Magari hayo tunayajua. Yamebeba polisi wetu, madaktari wa misheni, askari wa wanyamapori na walimu waliopangiwa shule za mbali. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya au Mganda wa Birmingham anapoona Defender inauzwa mtaa wa pili, moyo humwenda mbio. Anajiona tayari yuko Moyale, kisha Isiolo, kisha kwao.

Ndoto hiyo ni nzuri na inawezekana, lakini inaharibika mapema kwa sababu ya mpangilio mbaya wa maamuzi. Mtu hununua gari, halafu huchagua njia, halafu husoma sheria. Anayetaka kufika salama na mfuko wake ukiwa salama aanze kinyume chake: asome sheria ya mwisho wa safari, achague njia, ndipo aende kulitazama gari.

Litarudi au litabaki?

Kama unaingia nchini kwa matembezi na gari litarudi Uingereza, umri wake haukusumbui sana. Unahitaji hati ya forodha iitwayo *carnet de passages*, ambayo ni kama pasipoti ya gari. Kila ukurasa wake una sehemu ya kuingia, sehemu ya kutoka na kipande kinachobaki kwako. Hati hudumu mwaka mmoja, na anayeitoa hukudai dhamana kulingana na thamani ya gari, kwa kuwa gari lisipotoka katika nchi lilimoingia, ushuru wote utadaiwa. Misri inaidai. Kenya, Uganda na Tanzania zinaitambua. Kwa mpango huo, Land Rover ya miaka 30 inaweza kupita Namanga bila ugomvi.

Kama gari litabaki, mambo hubadilika kabisa, na hubadilika kwa kila nchi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, imepiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Tanzania haizuii umri, ila hutoza. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari lenye umri wa miaka minane hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Tozo hizi hupandiana, na thamani inayohesabiwa ni ile ambayo mamlaka ya kodi imeikubali, hata kama wewe ulinunua kwa bei ya kutupa.

Upo pia msamaha ambao wengi wanausikia nusunusu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu mkazi anayerejea nyumbani moja kwa moja kuingiza gari moja bila ushuru, iwapo amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12. Miezi hiyo haihesabu siku za melini. Na kwa Kenya, msamaha wa ushuru haufuti kikomo cha miaka minane. Kwa hiyo Mkenya wa Shard End anayepanga kurudi kwao mwakani na kununua gari leo anapaswa kuhesabu umri ambao gari litakuwa nao siku litakapofika Mombasa.

Hapo ndipo fumbo la ununuzi huu lilipo. Gari rahisi kutengenezwa njiani ni la zamani. Gari ambalo Kenya italikubali libaki ni jipya. Na jiji la Birmingham lenyewe, tangu tarehe 1 Juni 2021, linatoza pauni 8 kwa siku gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 likiingia eneo la hewa safi katikati ya jiji. Shard End iko nje ya eneo hilo, lakini mwenye Defender ya 1996 atalipa kila siku anayoingia nayo mjini kati. Gari moja halitaridhisha wote hao, kwa hiyo chagua nani utamridhisha.

Fundisho la "Oxford"

Tarehe 1 Septemba 1955, vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili za Series I. Walifika Singapore tarehe 6 Machi 1956, na mmoja wao, Tim Slessor, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo, *First Overland*. Gari moja waliliita Cambridge, jingine Oxford. Miongo ilipita, na Oxford ikapatikana imechakaa katika kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki. Ilirudishwa Uingereza, ikafufuliwa, na mwaka 2019 ikasafiri tena nchi kavu, safari hii kutoka Singapore hadi London, ikiwa na zaidi ya miaka 60. Slessor aliugua mwanzoni mwa msafara, na mjukuu wake akashika nafasi yake.

Wengi husoma habari hiyo kama sifa ya chapa. Mimi naisoma kama sifa ya gari ambalo kila kiungo chake kinaweza kufunguliwa, kuonekana, kutengenezwa na kurudishwa na mtu mwenye spana na akili. Umri haukuwa adui wa Oxford. Adui wa gari la safari ni hitilafu isiyoweza kurekebishwa pale ilipotokea.

Lala chini uangalie

Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, hivyo bodi ya Land Rover ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iliyoitwa Birmabright, zao la Birmingham yenyewe. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaomdanganya mnunuzi hadi leo. Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo bodi inaweza kung'aa huku chesisi, ambayo ni ya chuma, ikiwa imeoza. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, huanza kumumunyuka na kutoa unga mweupe.

Adui mkubwa zaidi ni chumvi. Kila majira ya baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ya mawe, nyingi ikichimbwa Winsford, Cheshire, ili barafu isishike. Chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi kwenye chesisi, hukaa ndani ya mihimili na kula chuma kutoka ndani kwenda nje. Gari la Birmingham lenye miaka 20 limepitia baridi 20 za namna hiyo. Ndugu yake aliyeishi Dodoma hajui shida hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, vaa nguo ya kazi na ulale chini. Omba ruhusa ya kugonga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, kilichooza hutoa sauti nzito na wakati mwingine nyundo huzama. Kwenye Defender anza na mhimili wa nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka pembeni kushika bodi, kisha ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, hasa sehemu za kuwekea miguu. Kwenye Land Cruiser na Prado tazama chesisi juu ya ekseli ya nyuma. Ukikuta rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari zima, usifurahi. Uliza kilichofunikwa.

Chesisi ya Defender inaweza kubadilishwa kwa mpya iliyochovywa zinki, na gari lililokwisha kufanyiwa kazi hiyo vizuri lina thamani ya kweli. Dai risiti na picha za kazi ilipofanyika.

Historia iliyo wazi kwa kila mtu

Mnunuzi wa Uingereza ana msaada ambao mnunuzi wa yadi nyingi za Dar es Salaam au Mombasa angeutamani. Gari likishapita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na matokeo yake tangu mwaka 2005 yanasomeka bure kwenye tovuti ya serikali. Unaingiza namba ya gari tu. Utaona kilomita, au tuseme maili, zilizosomwa kila mwaka, kasoro zilizoliangusha, na maonyo ya mkaguzi kuhusu mambo ambayo bado hayajawa mabaya.

Soma maonyo hayo kwa mpangilio wa miaka. Kama mkaguzi aliandika kutu ya chesisi mwaka 2019, akairudia 2020 na 2021, halafu ikatoweka bila risiti ya kulehemu, jiulize ilikwenda wapi. Kama maili zilipungua mwaka mmoja badala ya kuongezeka, ondoka.

Kisha geukia kadi ya gari, ambayo hapa inaitwa V5C. Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, maana ofisa wa forodha ataiangalia kila mpaka. Lipia pia uchunguzi wa kampuni unaoonyesha kama gari lina mkopo, liliwahi kuibwa, au lilifutwa na bima baada ya ajali. Gari lenye deni huenda si la aliyekuuzia. Huenda bado ni la aliyemkopesha. Ukishaamua kulihamisha moja kwa moja, kumbuka kuiarifu mamlaka ya usajili kwa kipande cha V5C kinachohusu kusafirisha gari nje.

Injini ambayo fundi wa njiani anaijua

Fika kwa muuzaji ghafla kidogo, au mwombe asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Injini ikiwaka baridi, tazama moshi: wa buluu maana yake oili inaungua, mweupe usiokoma ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda au dizeli isiyoungua, mweusi mwingi ni mafuta kuzidi hewa. Injini ikipoa, fungua kifuniko cha rejeta. Oili ndani ya maji huashiria gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Kwa safari ya kwenda na kurudi, napendekeza bila kusita injini ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Kwa Land Rover hiyo ni 200Tdi au 300Tdi, ya miaka ya mwanzo wa 1990 hadi 1998. Mkanda wake wa taimingi lazima uwe na ushahidi wa kubadilishwa. Baada yake ilikuja Td5, injini imara yenye cheni badala ya mkanda, lakini inaongozwa na kompyuta, na oili ina tabia ya kupanda kwenye nyaya za injekta hadi kwenye kompyuta hiyo. Hitilafu kama hiyo ukiwa Loiyangalani si jambo la dakika kumi.

Dizeli za karibuni zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na nyingi za Euro 6 zinadai pia kimiminika cha AdBlue. Dizeli ya Uingereza ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipunguza kiwango chake hadi sehemu 50 mwaka 2015, hatua kubwa na njema, lakini njia kutoka Ulaya hupita katika nchi ambazo mafuta yake huwezi kuyadhamini. Salfa nyingi na mwendo wa polepole huziba chujio, na chujio likiziba injini hujizuia yenyewe.

Kwa upande wa Toyota, hatuhitaji kuhubiriwa. Land Cruiser ya bomba la kuvutia hewa, ile tunayoiita mkonga, ndiyo gari la kazi la Afrika Mashariki. Utakayoikuta zaidi Uingereza ni ya mfululizo wa 80, iliyotengenezwa miaka ya 1990, pamoja na Prado za baadaye. Hapa kuna mtego: jina la gari linaweza kuwa lile lile, injini ikawa tofauti na iliyozoeleka kwetu. Andika msimbo wa injini, si jina la gari tu. Halafu, kabla ya kulipa hata pauni moja, piga simu kwa muuza spea wa Kirinyaga Road Nairobi, wa Gerezani Dar es Salaam au wa Kisekka Kampala. Muulize vitu vitatu: filta, pampu ya maji na klachi ya msimbo huo. Akijibu bei papo hapo, injini hiyo ina ndugu barabarani. Akisema ataagiza, umepata jibu lako.

Usiondoke bila kujaribu gia za nguvu, zile za mwendo mdogo wa kupandia milima na kutokea kwenye matope. Muuzaji asemaye hajawahi kuzihitaji anakueleza kwamba hazijaguswa kwa miaka. Ingiza, endesha taratibu, toa. Funga difu ya kati na uhakikishe taa yake inawaka na kuzimika. Mtu ananunua 4x4 kwa ajili ya mashine hiyo, na ndiyo wengi wanasahau kuijaribu.

Njia ya leo

Wazee wa safari hizi walipita Misri, Sudan na Ethiopia hadi Moyale. Vita vilivyoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023 vimeifunga njia hiyo kwa mtu mwenye busara. Inabaki njia ya magharibi, kuanzia Morocco na Mauritania kushuka hadi Angola, kisha Zambia na kuingia Tanzania kwa Tunduma. Ni ndefu, ina viza nyingi, na inadai gari lililoandaliwa vizuri kuliko la njia ya zamani. Ukishafika kwetu, bima ya kadi ya njano ya COMESA itakubeba katika nchi kadhaa kwa hati moja.

Njia nyingine ni meli, na si aibu. Gari linaweza kuendeshwa hadi ndani ya meli ya magari, au kufungwa ndani ya kontena, ambalo hulinda vizuri mizigo iliyomo. Lakini mlango wa kontena la kawaida una urefu wa karibu mita 2.28 tu kwenda juu. Defender yenye keria na hema la juu haitapita. Pima kabla ya kufunga vitu hivyo, au hakikisha vinafunguka.

Mzigo nao ni sehemu ya uchaguzi. Defender 110 ya zamani ina uzito wa juu unaoruhusiwa wa takriban kilo 3,050, gari, watu na mizigo pamoja. Ongeza matangi, maji, friji, winchi, hema na vyakula, uone kilo zinavyokwisha. Springi na shokapu hufa kwa uzito kabla ya kufa kwa barabara. Matairi ya 7.50 inchi 16 yanapatikana kirahisi kuliko ya rimu pana za mapambo. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka 10 ni tairi la kutupa.

Pesa na uamuzi

Tenga theluthi ya bajeti yako isiyoguswa na bei ya kununulia. Hiyo ndiyo ya mikanda, mipira ya maji, bearing, breki, matairi na hati. Gari la bei ya chini lililokula pesa zako zote litakusimamisha kabla ya Dakar. Na usinunue mapambo: taa nane juu ya paa hazijawahi kuziba tundu la rejeta.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Anayekwenda na kurudi anunue dizeli rahisi ya miaka ya 1990 yenye chesisi nzima, Tdi au Land Cruiser, akate *carnet*, akae na hofu yake ya chumvi. Anayerejea Kenya moja kwa moja anunue gari changa, alitumie hapa miezi 12 kwa jina lake, alisafirishe kwa meli, na aache injini yenye chujio na kompyuta ipite baharini badala ya jangwani. Anayerejea Uganda ahesabu miaka 15 kwa uangalifu. Anayerejea Tanzania apige hesabu ya uchakavu kwa maandishi, maana wengi wamegundua bandarini kwamba kodi imezidi bei waliyonunulia.

Na kabla ya kumpa muuzaji pesa, andika kwenye karatasi majibu ya maswali matatu: gari litaishia nchi gani, sheria ya nchi hiyo inasemaje kuhusu umri wake, na fundi gani njiani anaijua injini yake. Jibu moja likikosekana, rudi nyumbani na pesa zako mfukoni. Magari yapo mengi, na Uingereza haitaacha kuyauza.